Kilomita ya Arobaini

Mvua ya kwanza ya msimu wa 1912 ilinyesha Dodoma usiku wa kuamkia Jumatatu, na asubuhi simu ilikuwa imekufa. Hii haikuwa simu ya kuongea. Ilikuwa ile ya kugonga alama, nukta na mistari, na waya wake ulipita juu ya nguzo sambamba na reli itokayo pwani. Nguzo zilikuwa za chuma, kwa sababu za mti mchwa wa Ugogo walizimaliza kabla ya mwaka kwisha. Msafiri, karani wa simu, aligonga kuita kituo cha Gulwe. Gulwe haikujibu. Akagonga tena, akasubiri, kisha akavuta kiti karibu na meza ya vipimo.

Msafiri alikuwa kijana wa Kirangi kutoka milima ya Kondoa. Kazi alijifunzia pwani, na katika yote aliyofundishwa huko hakuna alilolipenda kama hili: kwamba mtu aweza kukaa kitini na kujua waya umekatika wapi bila kutoka nje. Unasukuma umeme kwa betri ambayo volti zake unazijua. Unatazama sindano ya chombo uone mkondo ni ampea ngapi. Unagawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia mkondo usipite, nao huhesabiwa kwa omu. Waya ule wa chuma ulikuwa na omu kumi kwa kila kilomita. Ukishapata omu, kilichobaki ni kugawanya kwa kumi.

Betri za Dodoma zilitoa volti arobaini. Sindano ilisimama kwenye sehemu moja ya kumi ya ampea. Jibu likawa omu mia nne.

"Umekatika kilomita ya arobaini, bwana," alimwambia Bwana Lenz, mkuu wa posta. "Ncha imeanguka chini na mkondo unaingia ardhini. Ardhi imelowa, kwa hiyo yenyewe sikuihesabu."

Bwana Lenz, Mjerumani mwembamba ambaye homa ilikuwa imemwachia rangi ya nta, alitazama ramani ukutani. Kidole chake kilifuata reli kuelekea mashariki, kikapita Nzuguni, kikasimama.

"Chitope," alisema. "Tena Chitope."

Alisema "tena" kwa sababu mwaka uliotangulia wasichana wa Chitope walikuja mnadani wamevaa bangili za waya mpya, na hakuna aliyejua waya ule ulitoka wapi. Amri ya boma ilikuwa kwamba kila jumbe ajibu kwa waya unaopita katika nchi yake. Ukikatwa, viboko ishirini na tano ni vya jumbe mwenyewe, na kijiji kinalipa kwa ng'ombe. Jumbe wa Chitope aliitwa Yotham. Siku hiyo hakuhitaji kutafutwa, maana alikuwa hapo hapo Dodoma ameleta vijana wa kazi ya barabara. Kabla jua halijapanda sana alikuwa ndani ya boma, mnyororo mguuni. Bwana mkubwa wa boma alisema Jumatano atakwenda Chitope, shauri likatwe mbele ya watu wake na viboko vipigwe mbele ya watu wake.

Alasiri mama mmoja aliingia uani mwa posta na kibuyu cha maziwa. Jina lake Loisi. Alikaa upande wa Kizota, na kila siku alimletea Msafiri maziwa.

"Mbukwa, mama," Msafiri alimsalimu kwa Kigogo, kama kawaida yao.

Loisi hakuitikia. Alitua kibuyu chini.

"Ni wewe uliyesema Chitope?"

"Sikusema Chitope, mama. Nilisema arobaini."

"Arobaini ni nani? Ana mji? Ana mke?"

"Ni hesabu tu."

"Basi nendeni mkamfunge Arobaini. Aliyefungwa ni Yotham, tumbo moja na mimi."

Msafiri hakuwa amejua kwamba jumbe wa Chitope ni kaka yake mama wa maziwa. Bartolomayo, tarishi wa posta, aliyekuwa ameketi kizingitini akishona kiatu, aliinamisha kichwa zaidi ili asionekane kusikiliza.

"Ulimwona mtu wa Chitope juu ya nguzo?" Loisi aliuliza.

"Sindano imeona."

"Sindano! Kwetu hata mganga anayepiga ramli kwa kuku, kuku wa kwanza akisema jambo zito, huchinja wa pili amsikie naye. Usiniangalie hivyo, mimi nimebatizwa Mvumi, lakini waganga nawajua. Ninyi watu wa milimani mnauliza mara moja tu, mkishapata jibu mnakwenda kufunga watu?"

"Huyu hachinjwi, mama," Bartolomayo alisema kutoka kizingitini. "Huyu anakula umeme."

"Wewe shona kiatu."

"Hesabu hii haibadiliki," Msafiri alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemfariji mgonjwa. "Ukiuliza mara mia, jibu ni lile lile. Ingia uone mwenyewe."

Aliingia. Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia chumba kile, lakini Bwana Lenz alikuwa amelala na homa yake ya mchana. Msafiri alimwonyesha betri katika mitungi yake ya kioo, akamwonyesha sindano na mistari iliyo chini yake. Akafunga njia, mkondo ukaenda. Sindano ilipanda, ikatetemeka, ikatulia. Haikufika pale pa asubuhi. Ilikuwa kwenye sehemu nane za mia.

Alipima volti, zikawa arobaini zile zile. Akapima mkondo mara nyingine, ukawa nane za mia. Arobaini kugawanya kwa nane za mia ni mia tano.

"Amesemaje?" Loisi aliuliza.

"Kilomita hamsini."

"Hamsini ni Chitope?"

"Hapana."

"Basi mfungueni."

Msafiri alikuwa akitazama nje, ambako jua lilikuwa limetoka tangu adhuhuri na ua ulikuwa ukitoa mvuke. Waya uliokatwa hautembei. Hauwezi kuwa kilomita ya arobaini asubuhi na ya hamsini alasiri. Volti ni zile zile, mkondo umepungua, kwa hiyo ukinzani umeongezeka. Na waya wa chuma haurefuki kwa omu mia kwa sababu ya jua la nusu siku. Kulikuwa na kitu kingine njiani, kitu kinachokauka, na ukinzani wake ulikuwa ndani ya ile mia nne tangu mwanzo. Yeye alikuwa amekihesabu kuwa si kitu.

"Mama," alisema, "niachie hadi kesho jioni."

"Kesho jioni. Keshokutwa wanampiga."

"Najua."

Alimngoja Bwana Lenz aamke, akamweleza akiwa amesimama. Bwana Lenz alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa taratibu, na shauri lilikuwa limekwisha kuondoka mikononi mwake.

"Asubuhi arobaini," alisema kwa Kiswahili chake cha kukata kata. "Nimepeleka boma arobaini. Sasa hamsini. Kesho sitini? Nimwambie bwana mkubwa kwamba Chitope inatembea?"

"Chitope haitembei, bwana. Mimi ndiye niliyehesabu kama waya peke yake, na si waya peke yake. Kutoka upande mmoja siwezi kutenganisha. Nikipima kutoka pande mbili, naweza."

"Gulwe haisikii. Upande wa pili uko wapi?"

"Nipe kiberenge, wasukumaji wawili na betri ya safari. Nitaufungua waya kilomita ya ishirini, kwenye kiungo. Bwana upime hapa saa nne kamili, mimi nipime papo hapo baada yako, kabla hicho kitu kingine hakijakauka zaidi."

Bwana Lenz alijifuta jasho. Waya ulikuwa umekufa kwa vyovyote, na pwani wangeuliza kwa nini.

"Chukua na mtu wa boma, aone kwa macho yake," alisema. "Na ukirudi na namba ya tatu, Msafiri, utauza maziwa na yule mama."

Usiku mvua ilinyesha tena, kubwa kuliko ya kwanza. Jumanne asubuhi kiberenge kilipita Nzuguni katikati ya mashamba ya uwele ambayo watu walikuwa wameanza kuyapanda, migongo yao imeinama, na hakuna aliyesimama kukitazama. Mtu wa boma alikuwa ombasha mmoja, yaani koplo, aitwaye Mbwana, askari wa makamo mwenye kovu shavuni. Walipofika kilomita ya ishirini na Msafiri akapanda nguzo, ombasha alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Usinisogezee huo waya. Nilimwona mtu amepigwa na radi Kilosa. Alibaki viatu."

"Radi ni kitu kingine, afande. Huu una volti arobaini. Mkondo wake ni sehemu moja ya kumi ya ampea. Ukitaka kujua nguvu yake, unazidisha hizo mbili."

"Nizidishe mimi?"

"Ni nne. Wati nne. Haziwezi hata kuchemsha chai yako."

"Na boma zima linatetemeka kwa ajili ya kitu kisichochemsha chai," ombasha alisema, lakini hakusogea.

Msafiri aliufungua waya kwenye kiungo. Kwanza aliunganisha chombo chake upande wa mashariki, akagonga. Gulwe ilijibu papo hapo. Karani wa huko aligonga kwa hasira: mmelala tangu jana? Waya kutoka hapo hadi Gulwe ulikuwa mzima, na Chitope ilikuwa katikati ya sehemu hiyo nzima.

"Basi," ombasha alisema alipoelezwa. "Jumbe hana kosa. Twende zetu."

"Afande, wewe unamjua bwana mkubwa. Nikimwambia si pale, atamwachia mtu?"

Ombasha alifikiri. "Atasema, ni wapi basi?"

"Ndiyo."

Saa nne ilipofika Msafiri aliacha ncha ya magharibi ikining'inia wazi ili Bwana Lenz apime kutoka Dodoma. Kisha akaiunganisha kwenye betri ya safari, nayo ikiwa ya volti arobaini, akapima yeye. Mkondo ulikuwa sehemu moja ya kumi. Omu mia nne. Halafu akasikiliza. Kugonga kwa Bwana Lenz kulikuja hafifu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya tatu, lakini kulisomeka: mia moja ishirini na tano za elfu. Msafiri alichuchumaa akahesabu mchangani kwa kijiti. Omu mia tatu na ishirini.

"Tazama, afande. Hicho kitu kinachovujisha mkondo, sijui ukinzani wake. Lakini ni kile kile kimoja, ukikipima kutoka huku au kutoka kule. Kama kingekuwa katikati kabisa, namba zetu mbili zingelingana. Ya Dodoma imepungua kwa themanini. Themanini ni waya wa kilomita nane. Kwa hiyo kutoka Dodoma ni karibu kwa kilomita nane kuliko kutoka hapa."

"Na kutoka hapa hadi Dodoma ni ishirini."

"Kumi na nne na sita."

"Sita ni huku nyuma! Tumepapita!"

"Tumepapita."

Msafiri alibaki amechuchumaa kidogo. Kilomita sita za waya ni omu sitini. Kati ya zile mia tatu na ishirini, mia mbili na sitini zilikuwa za kitu kimoja kwenye nguzo moja. Alizidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa omu hizo. Wati tano zilikuwa zikitoka Dodoma, na karibu nne ziliishia hapo. Kiasi alichokiita si kitu ndicho kilichokuwa karibu kila kitu. Aliunga waya, wakarudi.

Kwenye kilomita ya sita waliiona nguzo bila kutafuta. Kila nguzo ilibeba waya juu ya kikombe cheupe cha kaure, ili usiguse chuma. Hii haikuwa na kikombe. Mahali pake palikuwa na ukanda wa ngozi ya mbuzi, umezungushwa na kusokotwa kwa ufundi, na waya ulikuwa umefungwa juu yake. Ngozi ilikuwa imelowa na kulegea, na waya ulikuwa umeshuka ukalala juu ya mkono wa nguzo uliojaa kutu.

Mtu mmoja aliacha jembe lake shambani akaja, anatabasamu. Alikuwa mzee kidogo kuliko Msafiri alivyomtarajia mlinzi wa waya, mtu aliyewekwa na posta kuutunza hapo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima.

"Shikamoo, mzee," Msafiri alisema.

"Marahaba. Mimi Sila, mlinzi. Mmekuja kuona kazi yangu?"

"Hii ni yako?"

"Yangu. Kikombe kilipasuka wakati wa baridi. Waya ukalala juu ya chuma. Nikafunga ngozi mbichi, ikakauka, ikauinua. Jembe hili nimelifunga hivyo hivyo, tazama. Ngozi ikikauka, hata msumari unaona haya."

Msafiri alitazama mpini wa jembe. Kweli ulikuwa umefungwa vizuri sana. Kila mtu wa Ugogo anajua kwamba ngozi mbichi ikikauka hujikaza na ikilowa hulegea, na Sila alijua kuliko wengi. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba umeme ungejali. Kiangazi chote salamu za boma, bei za mpira wa msituni, habari za magavana, vyote vilikuwa vimepita juu ya mbuzi wake, na havikudhurika hata kidogo, mpaka mvua iliponyesha.

"Mbona hukusema kikombe kimepasuka?"

Tabasamu la Sila lilipungua. "Kikombe kikipasuka, mlinzi anapigwa. Na posta hawana kingine cha kunipa. Nilipouliza mwaka jana waliniambia subiri."

Ombasha Mbwana alivuta mkanda wake, akamshika Sila mkono. "Huyu ndiye," alisema. "Tumempata. Mzee, twende."

"Wapi?" Sila aliuliza.

"Afande," Msafiri alisema, "boma linamtaka nani?"

"Aliyekata waya."

"Huu umekatwa?"

Ombasha alitazama juu. Waya ulikuwa mzima, umebanwa na ngozi.

"Boma linataka mtu," alisema taratibu zaidi.

"Linaye mtu tayari, na mimi ndiye niliyempeleka. Sitapeleka wa pili. Huyu asingefunga ngozi hii, simu ingekuwa imekufa miezi mingi. Tutasema yote, kikombe na ngozi na viboko anavyoviogopa. Lakini tukiyasema, kwanza tuseme kwamba hakuna aliyekata."

"Nikiulizwa kwa nini sikuja naye?"

"Sema karani alisema."

"Karani!" Ombasha alicheka, akatema mate pembeni. "Karani amesema arobaini, karani amesema hamsini, karani amesema sita." Lakini alimwachia Sila mkono.

Msafiri alipanda, akakata ukanda wa ngozi, akaweka kikombe alichokichukua kwenye akiba ya kiberenge. Mjini Bwana Lenz alikuwa tayari anazungumza na Gulwe walipoingia. Alisikiliza habari yote huku ameushika ule ukanda kwa vidole viwili. Aliposikia kwamba mlinzi aliomba vikombe akaambiwa asubiri, aliuliza nani alimwambia hivyo, kisha akakumbuka kwamba ni yeye mwenyewe, akavaa kofia na kwenda boma kwa miguu pamoja na homa yake.

Yotham alifunguliwa Jumatano asubuhi. Safari ya Chitope ilifutwa. Sila hakupigwa. Alipewa vikombe vya akiba na onyo, na onyo lilikuwa refu kuliko vikombe.

Msafiri aliwasubiri nje ya boma. Loisi alitoka na kaka yake, mtu mrefu aliyetembea polepole, kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umevimba juu ya kifundo.

"Jumbe," Msafiri alisema, "mimi ndiye niliyehesabu."

"Nimeambiwa."

"Nilikosea. Nimekuja kukuomba radhi."

Yotham alimtazama bila hasira, jambo ambalo lilikuwa gumu kulistahimili.

"Vijana niliokuja nao wamekimbia Jumatatu," alisema. "Wamefika nyumbani. Wamesema jumbe amefungwa mnyororo kwa ajili ya waya. Kwetu mtu akishafungwa mnyororo, akirudi watu wanampisha njia, hawamwambii kitu, lakini kwenye baraza hawamsikilizi tena. Radhi yako hapa mjini nitaila na nini?"

"Anataka uende," Loisi alisema. "Wewe hujui kusikia, mpaka uambiwe mara mbili?"

"Kigogo changu ni cha kununulia maziwa, mama."

"Utasema hicho hicho."

Bwana Lenz alimpa Msafiri ruhusa ya siku mbili. Yeye na Yotham walipanda behewa la mizigo, wakashuka kwenye nguzo ya kilomita ya arobaini, wakaacha reli na kufuata njia ya ng'ombe hadi kwenye tembe za Chitope, zenye paa bapa la udongo lililoanza kuota majani kwa mvua. Watu walitoka mmoja mmoja. Walimpisha Yotham njia, kama alivyosema.

Yotham hakuwasalimu kwanza. Alisimama katikati ya ua, mguu wake umevimba mbele ya wote, akamwonyesha Msafiri mahali pa kusimama karibu naye.

Msafiri alisema. Alisema waya haukukatwa Chitope. Alisema umeme uliulizwa, yeye ndiye hakusikia vizuri. Maneno yalipomwishia alichanganya Kirangi na Kiswahili, na mwanamke mmoja mbele alicheka akamsahihisha, na yeye akalisema neno lile upya kama alivyofundishwa. Alisema kosa lilikuwa karibu na Dodoma, na ni la kikombe, na wa kufungwa asingekuwa jumbe wala mtu yeyote. Kisha akamgeukia Yotham.

Kutoka upande wa mtoni watu wengine walikuwa ndio kwanza wanafika, majembe begani.

"Rudia," Yotham alisema.

Msafiri akaanza tena tangu mwanzo.